Corolla yangu na mlima wa Marangu

Gari yenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, niliinunua kwa jirani yetu hapa Pasua, Moshi, wakati anahamia Dodoma. Bodi safi, injini kimya, gia laini. Kitu kimoja tu aliniambia wakati ananikabidhi ufunguo, "inakunywa maji kidogo, uwe unaangalia asubuhi." Mimi nikaitikia sawa nikaondoka. Saivi mtu akiniambia gari inakunywa maji kidogo namuuliza hapo hapo maji yanaenda wapi, kwa sababu gari haina koo, maji yakipungua kuna mahali yametokea. Ila siku ile nilikuwa na furaha ya gari, sikuuliza.

Kazi yangu inanipeleka Arusha mara mbili kwa wiki, na mama yangu yuko Marangu, ana presha, kila mwezi namfuata namshusha kliniki hapa Moshi halafu namrudisha jioni. Kwa hiyo gari ilikuwa na njia mbili tu maishani mwake, ya kwenda Arusha ambayo ni tambarare na vilima vidogo vidogo kama kilomita 80, na ile ya Himo kukunja kushoto unaanza kuupanda mlima mpaka Marangu. Shikeni hilo la njia mbili.

Mwezi wa saba, na wanaojua Marangu mwezi wa saba wanajua ile baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nimemfuata mama alfajiri. Akaniambia mwanangu washa moto humu ndani miguu imekufa ganzi. Nikawasha hita, ikapuliza upepo wa vuguvugu tu kama pumzi ya mtu, mpaka tunafika Himo mama amejifunga kanga mbili na shuka la Kimasai. Nikamwambia hita imekufa mama, gari ya zamani hii. Ile hita ilikuwa inanipa jibu la tatizo lote la miezi mitano iliyofuata, bure, na mimi nikaizima.

Mwezi wa nane ndo ikachemsha mara ya kwanza, tunarudi kutoka kliniki, tumeshapita Himo tunapanda, gia ya pili, nyuma nina mfuko wa mchele na mama kakaa mbele. Mshale wa joto ukaanza kutoka katikati, ukapanda, ukafika robo tatu, nikawa nauangalia kuliko barabara. Halafu ghafla ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa. Nikapumua, nikamwambia mama imetulia. Haikufika hata mita mia mbili gari ikakosa nguvu, harufu ya mpira na chuma cha moto ikaingia ndani, mvuke ukatoka pembeni mwa boneti. Baadaye nikaja kuelezwa kwamba ile sensa ya joto inapima maji, inatakiwa ikae ndani ya maji, sasa maji yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa inaanza kusoma uongo, mshale unaweza kushuka wakati injini ndo inaungua. Kwa hiyo mshale ukipanda sana halafu ukaanguka ghafla bila sababu, zima injini hapo hapo, usimalizie hata kona.

Nilizima. Halafu nikafanya kosa ambalo alama yake ninayo mpaka leo kwenye mkono wa kulia, kutoka kwenye kiganja kwenda karibu na kiwiko. Nilichukua tambara nikafungua mfuniko wa rejeta, lile sanduku la mirija la mbele linalopoza maji ya injini. Mvuke haukutoka kama wa sufuria, ulitoka kama risasi, maji ya rangi ya kutu yakaruka mpaka kwenye kioo cha mbele. Watu wakatoka migombani, mama mmoja akaja na ndoo akanimiminia maji mkononi polepole kwa muda mrefu mpaka ndoo ya pili, kuna kijana akakimbia kuleta dawa ya meno ya kupaka mama yangu akamkatalia, akasema maji tu. Kijana mwingine alishainua ndoo aimwage kwenye injini, baba mmoja akamshika, "acha ipoe mwanangu, utapasua hedi." Hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, kwenye hii ni aluminiamu, bloku ya chini yake ni chuma cha kusubu, ukiimwagia maji ya baridi ikiwa vile inaweza kupinda au kupasuka, hapo ndo umeua gari kweli. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mama aliniuliza swali moja tu, taratibu, "kwani ilikuwa lazima uifungue sasa hivi?"

Sasa ndo safari ya mafundi ikaanza. Sitamtaja mtu wala gereji, maana naamini hakuna aliyetaka kuniibia, kila mmoja alikuwa na kifaa chake anachokiamini. Wa kwanza alisema rejeta imeziba, nikanunua rejeta ya mtumba 120,000. Ikachemsha. Wa pili akasema wota pampu haisukumi maji, pampu 70,000 na ufundi 40,000. Ikachemsha. Fundi umeme akasema feni inachelewa kuwaka, akaiunga dairekti, yaani ukiwasha swichi ya gari tu feni inazunguka mwanzo mwisho, 25,000. Kwenye foleni za Arusha ikawa inakaa vizuri kabisa, nikafurahi wiki nzima, siku ya kwenda Marangu ikachemsha palepale juu ya Himo. Wa nne hakugusa hata kitu, alisikiliza historia akasema hiyo gasketi ya hedi, kile kizibo kati ya hedi na bloku, imekufa, tushushe hedi tukaichonge, andaa 450,000.

Hapo nikawa nimechoka. Nilifikiria kuiuza kwa bei ya kutupa, na nilikuwa nimeshaanza kumpandisha mama kwa hiace na yeye na presha yake anabanwa siti ya watu watatu wakakaa wanne. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko pesa.

Kuna mzee mmoja yuko Majengo, wote tunamuita Meku, zamani alikuwa fundi wa malori, siku hizi anakaa chini ya mwarobaini wake na anashika gari akitaka. Nikampelekea. Hakuinuka. Akaniuliza, "inachemsha wapi?" Nikamwambia Meku hii inachemsha kila mahali. Akasema, "hapana. Hakuna gari inachemsha kila mahali. Kaa nayo wiki mbili, kila ikipanda andika uko wapi, umesimama au unatembea, mlima au tambarare, asubuhi au mchana. Maji pia andika, umeongeza kiasi gani. Usinunue kitu." Nikaondoka nimekasirika kidogo kwa kweli, nilitegemea afungue boneti.

Lakini niliandika, kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Na vitu vikaanza kuonekana ambavyo vilikuwepo siku zote. Kutoka Moshi kwenda Arusha asubuhi, Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, mpaka Kikatiti mshale uko chini ya pale unapotakiwa kukaa, kama gari haitaki kupata moto. Kwenye foleni Arusha, katikati, umetulia. Kurudi, umetulia. Himo kwenda juu, dakika kama kumi na tano unaanza kupanda. Kushuka kutoka Marangu, unaanguka tena chini. Na lile kopo la riziva linalopokea maji yakizidi kwenye rejeta, jioni linajaa mpaka juu, asubuhi bado limejaa ila ukifungua rejeta maji yamepungua, yaani yalitoka yakaenda kwenye kopo hayakurudi.

Meku alisoma lile daftari kama mtu anasoma barua. Akaniambia maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyaelewa. Gari ikichemsha imesimama, ukitembea inapoa, tafuta upepo, yaani feni, fyuzi yake, rilei, swichi, au uchafu umeziba mbele ya rejeta. Ikichemsha inapofanya kazi ngumu, mlima au mwendo mkubwa, na ikisimama iko sawa, tafuta mzunguko wa maji, upepo hauna kosa. Ikichemsha dakika chache tu toka umewasha, angalia themostati, ile vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto, kama imegandia imefunga, au gasketi. Kwa hiyo yule wa feni alitibu gari isiyo yangu, feni yangu haikuwa na shida kabisa. Halafu akaniangalia, "asubuhi mshale unachelewa kupanda umeandika. Hita yako ikoje?"

Nikakumbuka mama na kanga zake mbili.

Ila hakukimbilia huko. Kwanza alitaka kuondoa lile neno gasketi kichwani kwangu, akaniambia niiache gari kwake ilale. Asubuhi injini ya baridi akabinya mpira wa juu wa rejeta, ulikuwa laini. Akasema gasketi ikiwa inavujisha moto wa silinda kwenye maji, mara nyingi unakuta mpira bado umekaza hata baada ya kulala usiku kucha. Akafungua mfuniko, gari ikiwa baridi jamani, baridi ya kulala, akajaza maji mpaka mdomoni akaniambia washa. Tukainama wote wawili tunaangalia yale maji. Yakashuka kidogo yakatulia, mapovu mawili matatu ya mwanzo halafu kimya, angalau mimi nilikuwa nimeacha kupumua. Akasema ingekuwa gasketi ungeona mapovu hayakatiki kama maji ya ugali, kila ukikanyaga mafuta yanazidi. Akachomoa stiki ya oili, oili nyeusi ya kawaida, haina rangi ya chai ya maziwa. Akafungua plagi zote nne akazipanga kwenye tambara, zote kahawia zinafanana, akasema maji yakiingia kwenye silinda plagi yake inatoka imesafishwa kama imeoshwa kwa sabuni. "Gasketi yako nzima. Una bahati, ile siku ulizima mapema. Mtu asishushe hedi hii." Ile asubuhi moja iliniokolea 450,000 na yeye alitumia mikono na macho tu.

Akageukia mfuniko. Ule mpira wa ndani ulikuwa umekauka una mipasuko, ukiukandamiza kwa kidole spring inarudi kwa uvivu. Juu umeandikwa 0.9. Mimi siku zote nilidhani mfuniko ni mfuniko kama wa chupa. Kumbe ile namba ni presha, na kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema. Na huku kwetu inahusika zaidi kuliko Dar, kwa sababu kadiri unavyopanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kama digrii moja kila mita 300. Arusha iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa 0.9 unayasukuma mpaka zaidi ya digrii 110 bila kuchemka. Mfuniko ukifa, unapanda Marangu na injini ambayo maji yake yanachemka mapema na yanakimbilia kwenye kopo, na kwa kuwa vali ndogo ya kurudisha nayo imekufa, hayarudi. Hapo ndo "inakunywa maji kidogo" ilipokuwa inaenda. Mfuniko mpya, 12,000.

Halafu akafungua nyumba ya themostati. Nati zikatoka, akavuta lile bomba, akachungulia, akanipa tochi nichungulie na mimi. Ndani hamna kitu. Tundu tupu, na mabaki ya silikoni ya zamani pembeni. Kuna mtu miaka ya nyuma aliitoa akaitupa, na nadhani wengi mmeshasikia ule usemi, huku nchi ya joto themostati haina kazi, toa tu. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuusema kwenye gari ya watu.

Jinsi alivyonieleza ni hivi. Themostati za hizi Toyota zina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, moja inafunga njia ya rejeta na nyingine inaacha wazi kinjia kidogo cha mkato, maji yanazunguka humo humo ndani ya injini yapate moto haraka. Ikipata moto zote zinasogea, ya kwanza inafungua rejeta na ya pili inaziba ule mkato, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta. Sasa ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi milele. Asubuhi injini haipati moto, ndo maana hita ya vuguvugu na mshale chini, mafuta yanaliwa zaidi. Na mlimani, wakati unahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, sehemu ya maji ya moto inapita mkato inarudi kwenye injini ikiwa ya moto vilevile. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wanaonya usiitoe hata kama gari inachemsha. Kitu kimoja kilichokosekana kilikuwa kinaifanya gari iwe baridi sana kwenye tambarare na moto sana mlimani, na ndo maana tulikuwa tunazunguka, nani angefikiria gari inayochemsha ina shida ya kutopata moto.

Meku akanituma nikanunue mbili, duka tofauti, nikazipime kabla ya kurudi. Mke wangu anatengeneza mtindi wa kuuza kwa hiyo ana kipimajoto cha jikoni, nikamwomba na sufuria, nikazifunga zote mbili kwa waya nikazining'iniza kwenye maji zisiguse chini, jiko la gesi moto mdogo. Zote zimegongwa namba 82, yaani digrii za kuanza kufunguka. Watoto wamezunguka. Kwenye 80 hamna kitu, 82, 83, ile ya 25,000 ikaanza kuachia ule mdomo wa shaba polepole kabisa, kama jicho la mtu anayeamka, kufika 95 imefunguka ungepitisha penseli. Ile ya 8,000 ilikaa kimya mpaka maji yanakaribia kuchemka ndo ikastuka ikafungua kidogo. Kitu kipya toka kwenye boksi. Ningeifunga ile ningesema Meku naye kanidanganya. Nikairudisha dukani na picha ya simu, wakanibadilishia.

Kufunga, kale ka-pini kadogo kanakochezacheza kakawekwa juu ili hewa itoke. Tukapandisha pua ya gari kwenye kilima kidogo cha nyumba yake, mfuniko wazi, hita imefunguliwa mwisho, injini ikazunguka taratibu huku tunaongeza maji mpaka mapovu ya hewa yakaisha na hita ikapuliza moto wa kweli. Nilikaa ndani nimeweka miguu kwenye ule upepo. Feni nayo ikarudishwa kwenye swichi yake.

Mlima wa Marangu ukapandika. Lakini karibu na juu mshale bado ulikuwa unajongea kidogo, si kama mwanzo, ila unajongea, nikarudi kwa Meku nimenywea. Akasema gari ya umri huu haiwi na ugonjwa mmoja. Injini ikiwa ya moto, imezimwa na soketi ya feni imechomolewa isije ikawaka ikakata vidole, na kwenye hizi lazima uhakikishe swichi ya gari imezimwa pia maana Toyota nyingi za zamani ukichomoa waya wa swichi ya joto feni ndo inawaka, akapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kuanzia juu kwenda chini. Akashika mkono wangu akaupitisha na mimi. Juu moto, katikati moto, chini upana wa kiganja kizima, baridi. Mirija imeziba. Ile rejeta ya mtumba ya 120,000.

Ile yangu ya zamani ilikuwa nyuma ya nyumba, kuku wanailalia. Nikaiosha siku nzima, maji ya bomba kwa ndani kinyumenyume na kwa nje kutoka upande wa injini kwenda mbele, zikatoka mbegu za majani na wadudu wa barabara ya Boma Ng'ombe, lakini ndani maji yalipita yote safi. Haikuwa imeziba kamwe. Tukairudisha, na safari hii kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, nusu na maji masafi nusu. Nilikuwa nasema kulanti ni ya wazungu wenye barafu, kumbe inazuia kutu na inalinda aluminiamu, ile rangi ya chai iliyoniunguza mkono ilikuwa ni kutu ya miaka ya kuongeza maji ya kisima.

Desemba nikampandisha mama na mizigo ya Krismasi. Wanaojua barabara ile kuanzia tarehe 22 wanajua, Wachagga wote wa Dar wanarudi nyumbani siku moja, magari yamepangana toka Himo, gia ya kwanza, simama, gia ya kwanza, simama. Mshale ulikaa chini kidogo ya katikati na haukutikisika, mama akasinzia. Kabla ya kufika Marangu Mtoni nikaona IST pembeni, boneti juu, mvuke, na kijana ameshakunja shati lake mkononi anauendea mfuniko. Niliacha mlango wazi nikakimbia, nikamshika mkono. Akataka kunikasirikia, nikamwonyesha wangu.

Tukarudi nyuma hatua mbili. Nikamuuliza, "imeanza kupanda ukiwa unatembea, au ukiwa umesimama kwenye foleni?"

Akafikiria. "Nikiwa nimesimama, kaka. Nikitembea ilikuwa inashuka."

Nikamwambia basi tuiache ipoe, halafu tuanze na fyuzi ya feni.